Dalali Asiyeruhusiwa Kuusifia Mtaa

Saa nne asubuhi, Jumamosi. LaVonne Hruska anafungua mlango wa nyumba nyeupe katika Mtaa wa Cedar, mji wa Harlan Forks, jimbo la Nebraska. Mteja hajamaliza kuvua viatu, tayari dalali ameanza kuisengenya nyumba anayoiuza.

"Paa lilipigwa na mvua ya mawe mwaka juzi, wakabadilisha upande mmoja tu," anasema. "Na chumba cha chini kinaingiza maji theluji ikiyeyuka. Mwenye nyumba amekiri mwenyewe. Usije ukasema hukuambiwa."

Mteja, Anselmo Batz, ni fundi wa majokofu katika kiwanda cha nyama. Anachungulia dirishani. Ng'ambo ya uzio mbwa anabweka.

"Na majirani je, mama? Watu wa huku wakoje?"

LaVonne anabana midomo. Mwenye mbwa yule alikuwa mteja wake wa saluni kwa miaka mingi, na LaVonne anajua hata kilichovunja ndoa yake ya kwanza. Lakini anachokitoa ni hiki tu: "Hilo sitakujibu. Rudi jioni, tembea mtaani, salimia watu. Habari za wizi waulize polisi. Mimi niulize paa."

Ndivyo leseni yake inavyotaka. Kasoro ya nyumba anayoijua lazima aiseme. Wanaoishi kuizunguka, rangi zao, dini zao na watoto wao, haruhusiwi kuwafanya sababu ya kumvuta mnunuzi wala kumfukuza. Harlan Forks kawaida ni kinyume chake: maji ya chumba cha chini ni siri ya familia, mambo ya jirani ni ya wote.

LaVonne, mwenye miaka hamsini na minane, alikuwa msusi. Magoti yalipokataa kusimama kutwa nzima, na mumewe Lumir akaumia mgongo kwenye ghala la mahindi, ilibidi atafute kazi nyingine. Akaenda kusoma udalali.

Mtihani una sehemu mbili, ya taifa na ya jimbo. Ya taifa alipita mara moja. Ya jimbo ilimwangusha mara mbili.

"Niliwaambia wateja wangu saluni nimefaulu nusu," anacheka. "Wakaniuliza, kwa hiyo utakuwa unauza nusu nyumba?"

Alipofaulu, wakamchukua alama za vidole, akakata bima, na leseni ikatundikwa ofisini kwa Merle Tesar, dalali mkuu anayemsimamia. Kila miaka miwili lazima asome tena ndipo ihuishwe. Mwaka jana aliuza nyumba tisa, kamisheni wakagawana na Merle. Miezi ya baridi hakuuza hata banda la kuku.

Leseni hiyo ndiyo inayomlisha yeye na Lumir. Na aliponea chupuchupu kuipoteza, kwa sababu ya wema.

Miaka mitatu iliyopita alikuja mama mmoja kutoka Guatemala, Eulalia Batz, na mumewe, wakitafuta nyumba. LaVonne aliwapenda papo hapo. Akawapeleka kusini mwa reli, nyumba baada ya nyumba.

"Nikawaambia, huku mtafurahi, wenzenu wote wako huku, na misa ya Kihispania iko hapo karibu. Niliona nawafanyia hisani! Hata keki za plamu niliwapelekea."

Wahenga walisema wema hauozi. Wa LaVonne ulinuka mpaka makao makuu ya jimbo. Eulalia alikuwa ameuliza mara mbili kuhusu nyumba za kaskazini, na mara zote mbili akajibiwa kwamba kule atakuwa mpweke. Akaandika malalamiko.

Merle alimwita ofisini, akafunga mlango. "LaVonne, dada yangu, uliwaambia nini watu wale?"

"Niliwaambia watakapostarehe."

"Nani alikuuliza?"

Bodi ya jimbo ilimpa karipio, ikamrudisha darasani kusomea haki za makazi, na kumwonya kwamba kosa la pili litamnyang'anya leseni. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi wa msusi umezoea kukimbia.

Eulalia alinunua kwa dalali mwingine. Alinunua kaskazini, tena mkabala na nyumba ya LaVonne mwenyewe.

"Asubuhi moja nachungulia, namwona anashusha makochi," LaVonne anasimulia, na hapa hacheki. "Ndipo nikaelewa. Mtaa niliokuwa namwepusha nao ni wangu. Niliona aibu mpaka nikakaa chini."

Alivuka barabara siku hiyo hiyo kuomba radhi. Eulalia alimsikiliza mlangoni, akashukuru, akafunga mlango. Ilipita karibu mwaka kabla hawajaanza kusalimiana vizuri.

Anselmo, anayezungushwa leo, ni mdogo wake Eulalia. Anatoka chumba cha chini akipangusa mikono, na swali lake ni lile lile LaVonne alilokuwa akiliogopa.

"Mama, mimi sijaoa. Nataka kukaa na watu wangu, nisikie lugha yangu. Nipeleke kwao."

"Nitajie mtaa, nikupeleke sasa hivi."

"Si ndiyo sababu nimekuja kwako? Dada yangu ulimpeleka bila hata yeye kuomba!"

"Na ndiyo iliyonitia matatani."

"Kwa hiyo mimi ndiye wa kukataliwa?" Sauti inapanda. "Au hutaki tukae pamoja?"

LaVonne akimjibu, amevunja sheria. Akinyamaza, huenda naye akaandika malalamiko. Anselmo anatoa simu, anampigia dada yake, na kuiweka kwenye spika.

Kicheko cha Eulalia kinajaa jiko tupu. "We Anselmo, una wazimu? Mambo ya watu niulize mimi! Huyo muulize paa!"

"Sasa kwa nini umenileta kwake?"

"Kwa sababu mji mzima huu wanaongea vile alivyoongea yeye. Ni yeye peke yake aliyelazimishwa kujifunza."

LaVonne anageukia dirisha na kujifuta macho kwa kiganja. Anselmo anamtazama, kisha anakata simu.

"Basi nionyeshe zote," anasema. "Kusini, kaskazini, zote zinazofika bei yangu. Nitachagua mwenyewe."

"Zote?"

"Zote, mama. Siku bado mbichi."

LaVonne anachukua funguo. Leseni yake inahuishwa Novemba, na masomo ameshamaliza. Anachoomba ni kufika hapo bila neno, aendelee na kazi hii mpaka magoti yagome kabisa.

"Na siku wakinizika," anasema akiwasha gari, "padri aseme lolote. Ila asithubutu kuwaambia watu nimehamia mtaa mzuri wenye majirani wema. Leseni yangu itakwenda!"