Kishungi cha Mjomba

Mimi ni msusi. Saluni yangu iko Jules Street, Malvern, kati ya duka la kutengeneza simu na mlango wa fundi cherehani, na kwa miaka mingi mikono yangu haijajua kazi nyingine. Nikipanda teksi nikamkuta mbele yangu mtu mwenye nywele zilizofumuka, hutazama nje makusudi, maana vidole huanza kuniwasha. Watu hudhani nafanya mzaha. Ni maradhi hasa, na ndiyo yaliyonitia katika jambo ninalolieleza hapa.

Jumatatu saluni hufungwa. Siku hizo nilikuwa nakwenda Kensington, kwenye kituo kidogo cha akina mama, kuwafundisha wasichana kusuka bila malipo. Kituo kile kilikuwa na urafiki na akina mama wa mji mmoja wa milimani huko Peru, wanaoendesha jiko la pamoja la kulisha watoto na wazee. Kila mwaka watu wawili kutoka kwetu hupelekwa kule kusaidia kwa miezi mitatu. Mwaka ule tulichaguliwa mimi na mshonaji mmoja wa Kikongo, mzaliwa wa Bukavu.

Saluni ilinicheka wiki nzima. "Eish, sista, unapanda ndege kwenda kuwamenyea watu viazi bure?" aliniuliza mteja mmoja wa Dar es Salaam, kichwa chake kikiwa mikononi mwangu. "Hiyo si kazi ya Wazungu?"

Nikamvuta nywele kidogo, akanyamaza. Lakini swali lake lilikuwa halali. Ukweli ni kwamba nilichoka kuwa mtu wa kusaidiwa. Tangu nitoke Tanga kuja Johannesburg nimepanga foleni za vibali, foleni za mablanketi, foleni za kuulizwa nimefuata nini hapa. Nilitaka, japo mara moja, kusimama upande wa pili wa meza nikiwa nimeshika upawa. Majivuno yalikuwemo, sikatai.

Yaliniisha siku ya kwanza. Mji ule uko juu mno, hewa yake haimtoshi mgeni. Nilipanda ngazi za pale jikoni nikakaa chini natweta, moyo unanidunda mpaka masikioni. Wakaninywesha chai ya majani ya koka, na mama mkuu wa jiko akavua shali lake la sufu akanifunika kabla hata hatujasalimiana. Alikuwa wa rika langu, mfupi, mtu wa sauti ya chini, na nywele zake zilisukwa misuko miwili mirefu iliyofika kiunoni. Alikuwa na mtoto mmoja tu, msichana wa kama miaka minne, aliyevaa kofia ya kufuma iliyovutwa hadi masikioni asubuhi na jioni.

Kihispania changu kilikuwa cha kuombea chumvi. Mwenzangu, kwa kuwa anajua Kifaransa, alikiokota haraka, basi yeye ndiye aliyekuwa mdomo na masikio yangu. Tulimenya viazi. Sijui niseme nini zaidi kuhusu kazi ile. Kulikuwa na viazi vyeupe, vyekundu na vya zambarau, na vingine vyeusi vilivyokaushwa kwa baridi ya usiku, vigumu kama kokoto mpaka vilowekwe. Niliwaeleza kwamba sili nguruwe wala sinywi pombe, wakanitengea sufuria yangu bila maneno mengi. Jioni wasichana wa shule walinijia niwasuke, ingawa nywele zao ziliteleza na mistari yangu haikukaa. Nilikuwa na furaha. Nasema hivyo ili ieleweke kwamba lile lililofuata sikulifanya kwa chuki wala kwa uchovu.

Asubuhi moja mama mkuu alikwenda shambani kuleta magunia, akatuachia mtoto. Mtoto akawa anajikuna kichwa. Akajikuna tena. Nikamwita, nikamkalisha kati ya magoti yangu, nikaivua ile kofia.

Nywele zilikuwa ndefu na hazijawahi kuguswa. Zilishikana nyuma zikawa bonge moja gumu. Mtu mwingine angeshangaa akairudisha kofia. Mimi niliomba maji ya uvuguvugu, nikatia mafuta, nikaanza kuchambua kwa ncha ya chanuo, taratibu, kutoka chini kwenda juu, kama ninavyowafundisha wasichana wa Kensington. Mtoto alitulia kabisa, akala mahindi yake ya kuchemsha. Fundo baada ya fundo lilinitii. Lilibaki moja, nyuma ya sikio, limekaza halipiti chanuo. Nina mkasi mdogo ambao hautoki mfukoni mwa aproni yangu. Nikalikata.

Kishungi kilikuwa na urefu wa kiganja. Nilikuwa bado nimekishika pale mwenzangu alipoingia na ndoo, akaiacha ianguke.

"Yesu wangu! Dada, umefanya nini? Ule mutoto habamukataki nywele! Banangojaka ndugu ya mama yake!"

Nilisikia maneno lakini maana haikuingia. Kwetu mtoto hunyolewa siku ya saba, nywele zinapimwa, uzito wake katika fedha unatolewa sadaka, mambo yamekwisha. Nywele kwangu hazijapata kuwa kitu cha kungojea mtu. Ilibidi nielezwe polepole, na aliyenieleza, kwa kupitia mdomo wa mwenzangu, alikuwa mama mwenyewe, aliporudi akanikuta na mkasi.

Hakupiga kelele. Alikichukua kile kishungi akakaa juu ya gunia la viazi, kofia yake pana ameiteremsha hadi usawa wa macho. Kwao, alisema, mtoto hukatwa nywele mara ya kwanza mbele ya watu wote, na anayetangulia kukata ni mtu aliyechaguliwa, ambaye tangu siku hiyo anakuwa mzazi wa pili wa mtoto. Aliyechaguliwa hapa ni kaka yake. Kaka huyo ndiye aliyemlea yeye baada ya wazazi wao kufa. Mtoto alipozaliwa, kaka alimbeba, akasema nywele hizi atazikata yeye, wamngojee arudi kutoka migodi ya dhahabu kule chini msituni. Akaondoka. Mwanzoni alipiga simu, halafu akaacha. Majirani walimshauri achague mtu mwingine, akakataa, kwa sababu kumchagua mwingine ni kusema kwamba kaka harudi tena. Alikuwa hajalisema hilo, na hakutaka mtu yeyote aliseme kwa niaba yake.

Nami nilikuwa nimelisema, kwa mkasi wa kukatia nyuzi.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nimewahi kumuunguza mteja kwa dawa ya nywele, nimewahi kutukanwa na bibi harusi, lakini aibu ile ilikuwa ya aina nyingine. Siku zilizofuata mama mkuu hakuninunia. Alinipa kazi kama kawaida, ila kwenye kona ya mbali, na nilipomsalimia alijibu akitazama sufuria. Wale wanawake wengine nao wakapunguza gumzo kila nilipopita. Mwenzangu alinishauri niombe msamaha mbele ya wote. Niliomba, wakatikisa vichwa kwa heshima, na hakuna kilichobadilika. Msamaha haurudishi nywele.

Ni hapo tu, nikiwa na kiazi mkononi, nilipogundua upumbavu wangu. Kazi yangu kule Malvern ni nini? Kutwa nzima nawaunganishia watu nywele! Nusu ya vichwa vinavyotembea Jules Street vimebeba nywele nilizozipachika mimi, na mume mtu hulala akiamini ni za mkewe. Nikamtafuta mwenzangu.

"Mwambie naweza kukirudisha."

"Utakirudisha namna gani? Kimekatwa."

"Mwambie hivyo hivyo, wewe."

Alimwambia. Mama mkuu akaingia chumbani akatoka na kile kishungi kimefungwa kwenye kitambaa safi. Tukakaa kizingitini, juani. Mtoto akarudi kati ya magoti yangu, mama akakaa mbele yetu kuangalia kila ninachofanya. Niligawa nywele nyembamba nyuma ya sikio, nikaanza kusuka, nikaingiza kishungi, nikakifunga kwa uzi mweusi, raundi kwa raundi. Sijapata kufanya kazi kwa uangalifu kama ule, na sidhani nitaurudia.

Nikiwa katikati mama akaniuliza jambo. Mwenzangu alilitafsiri akiwa ameinamia mikono yake.

"Anasema, wewe pia ni mutu wa kuondoka," alisema. "Anauliza, mutu akishaondoka, juu ya nini anaacha kupiga simu?"

Swali lile nilikuwa na jibu lake, na ndilo lililoniogopesha. Watu kama kaka yake nawafahamu, nimewanyoa na kuwasikiliza. Yupo aliyeaga kwao akisema atarudi na gari, na sasa analinda magari ya wenzake mbele ya maduka. Idi ya kwanza hana cha kutuma, anaona bora asipige. Idi ya pili inakuwa nzito kuliko ya kwanza, kwani sasa ana mawili ya kueleza. Mwishowe anabadilisha namba. Hajasahau hata jina la mbuzi wa nyumbani kwao, ila kila anapokumbuka anajificha zaidi.

Nilimweleza yote hayo. Kisha nikaongeza, bila kuulizwa na bila ushahidi wowote, kwa sababu nilitaka sana liwe kweli: "Yu hai. Anaona haya tu."

Mama alisikiliza mpaka mwisho wa tafsiri. Hakulia. Akasogeza kichwa cha mtoto kidogo upande wangu ili mwanga unifikie, akaniambia nikaze vizuri.

Tangu hapo tulikuwa marafiki. Nilipoondoka alinisindikiza hadi stendi, mtoto mgongoni, kofia imevutwa hadi masikioni.

Asiyekuwa msusi huenda hajui kwamba nywele zilizounganishwa hazikai pale zilipowekwa. Nywele za mtoto hukua, na kiungo huteremka nazo, kikilegea. Ilibidi kifumuliwe na kufungwa upya, na mimi niko Johannesburg. Basi tukafanya kwa simu. Asubuhi yao ni mchana wetu. Niliegemeza simu kwenye kioo cha saluni, nikamwonyesha kwa kichwa cha mteja, naye akafanya vilevile kwa mtoto wake. Kihispania changu kikakua kwa njia hiyo, chote cha nywele na uzi. Wateja wakamzoea mtoto. Wasichana waliozaliwa hapa, ambao Kiswahili wanakisikia na kunijibu kwa Kizulu, nao wakiingia huuliza kabla hawajakaa: "Uncle amekuja?" Bado, nawaambia. "Eish," wanasema, wanakaa. Ilifika mahali saluni nzima inamngoja mtu ambaye hakuna aliyepata kumwona hata picha.

Mwaka huu, shule za kwao zikikaribia kufunguliwa, alinipigia siku ambayo hatukupanga. Mtoto alikuwa amesimama kando yake, amerefuka, hana kofia. Nywele zilikuwa zimekatwa hadi shingoni.

"Amekuja!" nilipiga kelele. Wateja wote wakageuka.

"Hapana," alisema.

"Nani amekata basi?"

"Mimi."

Nilimwuliza tena, nikidhani nimekosea kusikia. Mama mtu hakati, si desturi. Alinijibu kwa sauti yake ileile ya chini, polepole ili nielewe. Hakuita watu wala hakupika. Alimkalisha mtoto kizingitini, akafungua kiungo, akakata. "Anaanza shule," alisema. "Uliniambia kaka yangu anaona haya. Sawa. Haya hiyo ni yake. Siwezi kumbebesha mtoto kichwani."

Niliumia, tena si kwa ajili ya yule mwanamume peke yake. Sisi tulioondoka tumezoea kudhani kwamba tunangojwa. Nilitazama kwenye kioo nikawaona wateja wangu wa Tanga, wa Bukavu, wa Bujumbura, wananitazama. Hawajui Kihispania, lakini hakuna aliyeniomba nimfasirie.

Mama akamgeuza mtoto anipe kisogo, akanisogezea simu karibu.

"Nimekata vizuri?" aliuliza.

Upande wa kushoto ulikuwa mrefu kuliko wa kulia, na nyuma ya sikio palikuwa na mkato wa ngazi-ngazi ambao hata mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza asingeuacha.

"Umekata vizuri," nikamwambia.