Mama Zima, mhasibu aliyehamia kwa wahandisi

Jumatatu asubuhi, chumba cha wahandisi bado kinanukia sabuni ya kudekia. Mwanamke mwenye sweta la kijivu anavuta kiti katikati ya meza mbili, anafungua kompyuta yake, na kabla hajamaliza kusalimia anauliza, "Hizi seva zimeachwa zinawaka tangu Ijumaa. Za nani?"

Mhandisi mmoja mwenye ndevu anainua mkono nusu, kama mwanafunzi aliyechelewa darasani.

"Zangu, Mama Zima. Kuna kitu nilikuwa nakijaribu, nikapitiwa."

"Umemaliza kukijaribu?"

"Nimemaliza."

"Basi tuzipumzishe."

Mhandisi anabonyeza, wenzake wanamcheka, kazi inaendelea. Hakuna aliyenuna. Miaka miwili iliyopita, swali kama hilo lingezua ugomvi.

Mama Zima ni jina alilobandikwa kazini, kwa kuwa kazi yake ni kuzima. Mwenyewe analipenda. "Siku hizi mtu akiniuliza kama mimi mzima, watu wanacheka hata sijajibu," anasema.

Ana miaka arobaini na mmoja na amesomea uhasibu. Kampuni anayofanyia kazi inaendesha mfumo unaowakumbusha wajawazito siku zao za kliniki kwa ujumbe wa simu, na kuwapa wauguzi majina ya wanaotarajiwa siku hiyo. Mfumo huo hauendeshwi na kompyuta za pale ofisini. Unategemea seva, yaani kompyuta kubwa za kampuni nyingine iliyo mbali, zinazokodiwa kupitia mtandao na kulipiwa kwa saa. Watu wa fani hiyo huziita wingu.

Mama mkwe wake, anayeishi nao, alichukua muda kulielewa jambo hilo. "Alikuwa anawaambia majirani kwamba mkamwana wake analipia mawingu," Mama Zima anasimulia huku akijifuta machozi ya kicheko. "Nikamwambia, mama, ni kama kukodi viti vya harusi. Harusi imekwisha, wageni wameondoka, wewe umesahau kuvirudisha. Mwenye viti hakukumbushi, anahesabu tu. Akaniuliza, 'Sasa nyie mna harusi ngapi?' Nikamwambia hilo swali ndilo linalonilipa mshahara."

Zamani hapakuwa na wa kuliuliza. Bili ilifika idara ya fedha, ghorofa ya chini, ikiwa tarakimu moja nene isiyoeleza chochote. Ghorofa ya juu, wahandisi waliwasha mashine kila walipohitaji, bila kujua bei yake. Ndani ya mwaka mmoja bili ikawa mara mbili, ilhali akina mama wanaohudumiwa walikuwa wameongezeka kidogo tu.

"Sisi tuliwaona wao wafujaji, wao wakatuona sisi mabahili," anasema. "Tulikuwa tunapishana kwenye ngazi kama watu wasiojuana."

Uongozi ukaamua kubana matumizi, na kisu kikaelekezwa chumba cha simu. Humo wamo wanawake saba wanaopokea simu za akina mama: aliyepoteza ujumbe, aliyesahau tarehe, anayelia kwa hofu tu na anataka mtu wa kuongea naye. Ilipangwa waondoke, sauti iliyorekodiwa ishike nafasi yao.

Mama Zima akapewa kazi ya kupiga hesabu za mafao yao.

"Nikaanza. Jina la kwanza ni la dada ninayekunywa naye chai kila siku. Nikainuka, nikaenda kwa bosi."

Bosi huyo, mkuu wa fedha, ni mzee wa maneno machache anayekaribia kustaafu. Mazungumzo yale anayakumbuka vizuri. "Alisimama hapo mlangoni. Akasema, 'Mzee, bili ya wingu ni mara tatu ya mishahara ya chumba kile. Kwa nini tunaanza na watu?' Nikamwombea kwa mkurugenzi miezi mitatu ya kujaribu kuipunguza bili hiyo kwanza. Kusema kweli, sikudhani angefika popote."

Siku iliyofuata Mama Zima alibeba kompyuta yake, akapanda ghorofa ya juu na kuomba kiti. Kiti alipewa. Maneno, hapana.

"Nilijua katumwa kutupeleleza," anakiri mkuu wa wahandisi, ambaye kila mtu humwita Kamanda. "Nikamwambia wazi. Nikizima kitu kikaharibika, nitaitwa mimi. Kikibaki kinawaka, haniiti mtu. Wewe ungekuwa mimi ungefanya nini?"

Swali hilo Mama Zima alirudi nalo nyumbani. Mumewe, mwalimu wa hesabu, alimwambia kwamba Kamanda ana haki. Mama Zima mwenyewe alikuwa ameshaliona hilo.

Katika kikao cha uongozi kilichofuata aliomba nafasi ya kusema. Akasema mashine yoyote itakayozimwa kwa ushauri wake, ikileta shida, aitwe yeye na siyo mhandisi.

"Niligeuka nikamtazama," anasema mkuu wa fedha. "Mtu ana mkopo wa nyumba, ana watoto shuleni, anajifunga kitanzi kwa hiari yake."

Kazi ya kwanza ilikuwa kuipatia kila mashine mmiliki. Kila kikundi cha wahandisi kiliandika jina lake kwenye mashine zake, kikaonyeshwa na bei. Wengine walishtuka. Mmoja aligundua kwamba jaribio lake la wiki moja, alilolisahau, lilikuwa limekula fedha kuliko mshahara wake.

Lakini karibu theluthi moja ya mashine zilikosa wa kuzidai. Wakaziita yatima. Huenda hazikuwa na kazi, na huenda kulikuwa na kliniki inayozitegemea. Nani angethubutu kuzigusa?

Hapo ndipo Mama Zima aliposhuka hadi chumba cha simu.

"Mfumo ukikohoa, wale dada ndio wa kwanza kusikia," anaeleza. "Nikawaambia, tutakuwa tunazima yatima mmoja mmoja. Hatufuti kitu, tunazima tu na kusikiliza. Mtu akilalamika, nipigieni mara moja."

"Na sisi tulishasikia kwamba tunaondolewa," anasema mmoja wa wapokea simu hao. "Halafu mtu wa fedha anakuja kutuomba msaada. Tukatazamana. Mwenzetu mmoja akasema, 'Haya, tuziondoe hizo mashine kabla hazijatuondoa sisi.' Tukakubali."

Wiki za mwanzo zilikuwa shwari. Mashine ilizimwa, wakasubiri, na hakuna aliyeuliza. Kisha asubuhi moja simu ikalia kutoka kliniki ya mbali. Muuguzi alisema majina ya siku hiyo hayafunguki, na akina mama wamejaa kwenye mabenchi. Mpokea simu alipanda ngazi mbio. Kamanda akaiwasha tena mashine iliyokuwa imezimwa, muuguzi akiwa bado yuko hewani.

Habari zilimfikia mkurugenzi. Alipanda juu, uso umekunjamana, akauliza nani amezima.

"Nilikuwa nimeshafungua kinywa," anasema Kamanda. "Mazoea. Kabla sijatamka, mama huyu akasimama. 'Ni mimi.' Hakusema 'tulikubaliana', hakusema 'wao waliniambia'. Ni mimi, basi. Kisha akampigia yule muuguzi mwenyewe, akamwomba radhi."

Kesho yake Kamanda alivuta kiti karibu na chake, akamwonyesha mashine zaidi ya ishirini ambazo muda wote alijua hazina kazi. Alikuwa ameogopa tu kuzigusa.

Miezi mitatu ilipotimia, bili ilikuwa imeshuka kwa karibu asilimia arobaini. Mpango wa kufunga chumba cha simu ukafutwa. Leo wapokea simu ni wanane.

"Naringa, nisikudanganye," anasema Mama Zima. "Nikipita pale nikawasikia wanamtuliza mtu kwenye simu, natembea kama nimevaa viatu vipya."

Mwaka jana bili ilipanda tena. Mkuu wa fedha akamwita Mama Zima, naye Mama Zima akamwambia safari hii wasiguse kitu. Kliniki nyingi mpya zilikuwa zimejiunga, na gharama ya kumhudumia kila mama ilikuwa imepungua. Akaenda mbali zaidi: akaomba wahandisi waongezewe seva kubwa.

"Ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia mtu wa fedha akituombea hela," anasema Kamanda. "Nilitaka kumkumbatia, nikaona aibu."

Sasa Mama Zima ana mpango. Kampuni kadhaa zimemwomba akawafundishe watu wao, naye anatafuta ukumbi wa kuendeshea darasa kila Jumamosi. Mumewe ameahidi kufundisha sehemu ya asilimia, bure, mradi asiitwe Baba Zima. Ada itakuwa ndogo, ila sharti ni moja na halina msamaha: kila kampuni ilete watu wawili, mhasibu na mhandisi, na waketi dawati moja.

"Na akija mmoja peke yake?" namuuliza.

"Namrudisha akamlete mwenzake," anajibu. "Wakiwa njiani kuja, watakuwa wameshaanza kuongea."