Kolumba wa Seomgol, Aliyewaimbia Wafu Wasioimbiwa

Alizaliwa mwezi wa pili mwaka 1936 huko Dokgol, bonde la wafinyanzi lililojificha nyuma ya milima ya Chungcheong nchini Korea, katika ukoo ulioshika imani tangu enzi ambazo kumtaja Kristo kulimpeleka mtu kwenye upanga. Wazee wake walikimbilia huko wakajifunza kufinyanga mitungi mikubwa ya kuvundikia kabichi, kwa kuwa muuza mitungi huingia kila kijiji na hakuna anayemuuliza ametoka wapi. Baba yake, Pyo Man-ho, alimpa jina la Sun-rye, na kwa ubatizo akaitwa Kolumba. Shule aliiona kidogo tu kabla ya vita kuifunga. Urithi wake mkubwa aliupata kwa bibi yake, nao ni sala za marehemu, zile ndefu ambazo sisi huziimba nyumbani kwa mfiwa, upande mmoja wa chumba ukianza na upande wa pili ukiitikia, mpaka jeneza litoke. Kabla hajavunja ungo alikuwa anazijua zote kwa kichwa. Bibi yake alikuwa akisema, "Huyu mtoto sauti yake ya matanga. Harusini msimpe nafasi." Hadithi hiyo Kolumba aliirudia mpaka uzeeni, na kila mara alicheka kabla hajaimaliza.

Mwaka 1956 aliolewa katika kijiji cha Seomgol na Gu Chang-sik, mkulima wa pilipili, mtu mpole ambaye angeweza kupalilia tangu asubuhi hadi jioni asiseme neno. Katika watoto waliowapata ni mmoja tu aliyeishi, Hyeon-mo. Na kama ilivyo desturi yetu, tangu hapo hakuna aliyemwita tena Sun-rye wala Kolumba. Akawa Mama Hyeon-mo. Mumewe alifariki kwa ugonjwa wa mapafu mwaka 1979, na mama na mwana wakabaki na shamba. Waliokuwa jirani zao wanasema kijana alikuwa mcheshi, anayejua kuiga mlio wa kila jogoo wa kijijini, na kwamba hakuna aliyemwona amefunga uso zaidi ya wenzake.

Mwaka 1984, pilipili zikiwa zimekwisha kuanuliwa, Hyeon-mo alijiua. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Hakuacha neno. Asubuhi ile alikuwa amekunywa supu ya figili na kumwambia mama yake kwamba imekolea. Watu walitafuta sababu: wapo waliosema mwanamke, wapo waliosema shamba, wapo waliosema pombe. Mama yake aliitafuta kuliko wote, na hakuipata mpaka alipokufa. Nayaandika haya kwa sababu miongoni mwa wasomaji wapo wanaotafuta vivyo hivyo, nao wajue kwamba mtumishi huyu wa Mungu alizeeka nalo swali lake na halikumzuia kuwa mtakatifu.

Mwenyekiti wa kigango wakati huo alikuwa Barnaba Tak Jong-pil, mtu mnyoofu na mgumu, aliyefundishwa tangu utoto kwamba aliyejiua hazikwi kwa sala za Kanisa. Sheria ya Kanisa ilikuwa imekwisha kubadilika, lakini habari zake zilikuwa hazijapanda mlima, na padre alikuwa amelazwa hospitali ya mbali. Barnaba akaamua mwenyewe. Alisimama uani, viatu miguuni, akasema, "Mama Hyeon-mo, kama jirani nakupa pole. Kama kigango, hatutakuja." Mama akamsihi ampe japo watu wawili wa kumwitikia. Barnaba akaenda zake.

Basi hakuja mtu. Kolumba aliketi peke yake mbele ya jeneza akaanza sala. Aliimba upande wa kwanza, akainuka, akavuka chumba, akaketi upande wa pili na kuitikia, kisha akarudi. Aliziimba zote namna hiyo, zile sala zinazowachosha watu ishirini wakipokezana. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Mama Pil-sun, aliniambia akiwa ameshakuwa kikongwe: "Nilimsikia anahama. Nyayo zinakwenda, nyayo zinarudi. Nilivaa viatu nikavivua, nikavaa tena nikavivua. Na mimi nilimpenda yule kijana, alikuwa akiniita shangazi."

Ikafuata miaka ambayo hakuna aliyejua amwite nani. Jina la mwana liliwachoma watu midomo, na la ubatizo walikuwa wamelisahau. Dukani waliongea naye bila kumtaja, wakamkabidhi mfuko wake wakitazama pembeni, na wakinamama waliokuwa wakichambua vitunguu barazani walinyamaza alipopita, wakaanza tena alipokwisha kupita. Misa aliisali nyuma kabisa, na benchi lake halikuwa na mtu wa pili. Siku moja alimwambia mwenye duka, bila kupandisha sauti, "Niite Mama Hyeon-mo. Alikuwepo." Mwenye duka alimwita hivyo siku ile, wengine iliwachukua muda mrefu zaidi. Kuhusu miaka hiyo yeye mwenyewe hakusimulia mengi. Alisema tu kwamba jioni alikuwa akiwasha moto wa chini ya sakafu, ule unaopasha nyumba joto, mapema kuliko ilivyohitajika, apate kitu cha kusikiliza.

Wito wake ulimjia mwaka 1987. Katika bonde la pili mume wa mwanamke kijana aitwaye Seong Hwa-suk alijiua, na watu walisimama mbali na nyumba ile kama walivyosimama mbali na ya kwake. Hwa-suk hakuwa Mkristo. Alikuwa akienda hekaluni kwa Wabudha. Kolumba alivuka mlima kwa miguu bila kujua atasema nini. Alipofika alivua viatu, akainamia picha ya marehemu, akaomba ruhusa ya kumwimbia, kisha akaimba. Baada ya hapo akaona rundo la vitunguu saumu jikoni lililokuwa linangoja, akaketi kuvimenya, na Hwa-suk akaketi naye. Walimenya mpaka vikaisha. Miaka mingi baadaye Hwa-suk alisema: "Kila aliyekuja aliniuliza kwa nini alijiua. Yeye aliniuliza alikuwa anapenda kula nini. Nikamwambia tambi baridi. Ndipo nikaweza kulia."

Tangu hapo, popote habari kama hiyo ilipotokea katika mabonde yale, Kolumba alikwenda. Hakungoja kuitwa, na mara nyingi hakukaribishwa. Palikuwa na nyumba zilizomwona kama mkosi unaotembea, na alipotoka walimwagia chumvi nyuma yake kizingitini ili kuufukuza. Padre Bang, aliyekuwa amehamia parokiani, alighadhibika aliposikia, akataka kulisema jambo hilo mimbarini. Kolumba alimzuia. "Waache, Padre," alisema. "Kabichi isiyotiwa chumvi haimalizi majira ya baridi. Labda ndiyo maana mimi bado sijaoza." Lakini Hwa-suk, aliyeanza kufuatana naye, alimwona mara nyingi akisimama kwenye kona ya njia akikung'uta chumvi kwenye sketi yake, taratibu, muda mrefu baada ya chumvi kwisha.

Jaribu lililokaribia kumvunja lilikuja mwaka 1996. Mzee Yeom Deuk-su, mgane asiye na mtoto, alikuwa ameanza kugawa vitu vyake: ngazi kwa huyu, jembe kwa yule. Kolumba alihisi jambo. Alikwenda kwake, wakazungumza juu ya figili na baridi iliyokawia, naye akazunguka na kuzunguka, kwa sababu aliogopa kwamba akilitaja lile neno atalitia ndani ya moyo wa mzee. Aliondoka bila kuuliza, na wiki hiyohiyo Deuk-su akajiua. Kolumba alimwimbia, akamzika, kisha akajifungia. Alimwambia Hwa-suk kwamba akisali anajiona kama amekalia sakafu isiyowashwa moto. Majira yote ya baridi hakwenda kwa mtu.

Aliyemtoa humo ni muuguzi wa wilaya, Ok Mi-rang, mwanamke aliyesomea kazi hiyo mjini na kupanda milima yetu na pikipiki. Alikuja kumpima shinikizo la damu, akamkuta analia, akakaa. Alimweleza kwa subira kwamba kumuuliza mtu waziwazi kama anataka kujiua hakumpandikizii wazo hilo; aghalabu humpunguzia mzigo, kwa kuwa tayari analo na amekosa wa kumwambia. Alimfundisha aulize vipi, akae vipi, na lini amwite yeye ili mgonjwa apelekwe kwa daktari. Kolumba alimsikiliza kama mtoto wa katekisimu. Akamwomba wajaribu, muuguzi awe mzee Deuk-su. Mara ya kwanza swali lake liliishia tena kwenye figili. Walirudia mpaka likatoka.

Mwaka 1999, mwanzoni mwa kiangazi, Marta, mke wa Barnaba Tak, aliyekuwa ameugua ugonjwa wa huzuni kwa muda mrefu na mumewe akimficha kwa aibu, alijiua. Barnaba alipanda mpaka uani kwa Kolumba, akasimama palepale aliposimama zamani. Kolumba alikuwa amekwisha kusikia. Mama Pil-sun, aliyekuwa barazani, anasema Kolumba hakumkaribisha. Alimwacha asimame, na uso wake haukuwa uso wa mtakatifu. Aliingia ndani, akakaa huko, na alipotoka alikuwa amevaa shela nyeupe ya Misa. "Nitaanza mimi," alimwambia. "Utakayeitikia ni wewe."

Walikwenda. Kolumba akaanza, na Barnaba akashindwa kuitikia. Kolumba hakumsaidia, hakuvuka chumba. Alingoja. Wakangoja hivyo hata Hwa-suk, aliyefuatana nao, akadhani sala imekwisha, kisha mzee yule akafungua kinywa akaitikia. Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Pil-sun, na nyuma yake wengine, wakaketi upande wa Barnaba.

Baada ya maziko watu walipotawanyika Kolumba alirudi, akaketi mbele ya Barnaba, akamuuliza, "Mzee Barnaba, unafikiria kujiua?"

Barnaba akajibu, "Ndiyo. Nafikiria."

"Asante kwa kuniambia," akasema. "Basi leo hutabaki peke yako, na kesho hutabaki peke yako."

Akatuma watu kwa muuguzi. Dawa zote za shambani zikatolewa nyumbani kwa Barnaba, zikafungiwa kwa kufuli kwingine, ufunguo ukakaa kwa jirani. Watu wakapanga zamu ya kula naye, Wakristo na wa hekaluni pia, mpaka yeye mwenyewe akawa ananung'unika kwamba hapati nafasi hata ya kujikuna. Alitibiwa mjini, akaishi. Alikuja kuomba msamaha mara nyingi, na Kolumba alimsamehe polepole, kwa vipande, kama alivyokiri mwenyewe kwa Padre Bang. Alisema kuna asubuhi alilazimika kuanza upya.

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa kundi tunaloliita Waitikiaji. Halikuanzishwa kwa mkutano. Waliokula na Barnaba waliendelea kula na wengine, kwanza Seomgol, kisha katika vijiji vyote vya parokia. Wanajua nani anaishi peke yake, nani ameacha kuanika nguo, nani anagawa vitu. Wanakwenda, wanauliza waziwazi, wanamwita muuguzi. Kila kijiji kina kabati lake la dawa za shamba lenye kufuli. Na pale ambapo juhudi zote zimeshindwa, kwa maana huwa zinashindwa pia, hakuna nyumba inayokaa na jeneza lake peke yake. Wafiwa hukutana kwa Hwa-suk kila mwezi, na sharti la pale ni moja tu, kwamba marehemu atajwe kwa jina.

Kolumba aliendelea na kazi hiyo mpaka miguu ilipomkataa. Alifariki nyumbani kwake tarehe 21 Desemba 2012, siku yenye usiku mrefu kuliko siku zote za mwaka, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka sabini na sita. Alikuwa peke yake. Hwa-suk alikuwa ametoka kwenda kumletea uji wa maharage mekundu unaopikwa siku hiyo, na aliporudi bakuli likiwa bado linafuka moshi alimkuta ameegemea ukuta, macho yameelekea mlangoni. Wapo waliosikitika kwamba aliyekaa na wengi hakupata wa kukaa naye saa hiyo. Mimi pia nimesikitika, na sina maelezo.

Yanasimuliwa mambo ya ajabu, nami nayaandika kwa unyenyekevu, nikiyaacha kwa hukumu ya Kanisa. Majira ya baridi yaliyofuata, mtu mmoja wa bonde la juu, ambaye ameniomba nisimtaje, alikuwa ameshakata shauri la kufa. Alisikia fimbo ikigonga mlango wake, kama alivyogonga Kolumba uzeeni, alipotembea kwa fimbo. Akafungua, na hapakuwa na mtu wala alama ya mguu kwenye theluji. Alibaki amesimama kizingitini na mlango wazi, baridi ikiingia, hata mwanamke aliyekuwa akipita barabarani akamwona na kumuuliza ana nini. Naye akasema. Huyo mwanamke alikuwa mmoja wa Waitikiaji. Mtu yule yu hai, ana wajukuu.

Jina lake halimo kwenye kalenda ya Kanisa, wala hatujui kama litaingizwa. Lakini kila mwaka, siku aliyofariki, watu wa parokia yetu hupika uji wa maharage mekundu, na kila nyumba hupeleka bakuli moja kwa mtu ambaye haijawahi kuingia kwake. Anayetaka kumfuata mtumishi huyu asitafute maneno mazuri. Avue viatu, aketi, aulize bila kuzunguka, na avumilie jibu. Mwaka jana mimi nilipeleka bakuli langu kwa mzee wa nyumba ya mwisho, karibu na kinu cha mpunga. Alifungua kidogo, akalitazama bakuli, kisha akanitazama mimi, akaniuliza kama nina haraka. Nikamwambia sina.