Alichosema Bibi Juu ya Vilja

Majira ya machipuko yaliyopita nilikuwa nimesimama kituoni Hjulsta, huku Uswidi, pale treni za mstari wa bluu zinapogeuzia, mama mmoja mzee mwenye fimbo akaniangalia, akaniangalia tena, kisha akaniita kwa jina langu la utotoni. Alikuwa mwenye banda la farasi. Nilidhani alikwisha kufa zamani. Tulikumbatiana, na swali lake la kwanza likawa hili: "Yule bibi yako aliyemsifu Vilja wangu, bado yupo?" Rafiki yangu, hilo ndilo swali nililolikimbia miaka yote. Ngoja nikueleze kwa nini.

Nilipokuwa na miaka kumi na moja, nyuma ya maghorofa yetu kulikuwa na uwanda, na uwandani banda la farasi. Leo wamejenga nyumba hapo, hata njia yake siioni. Zamani ukikaribia ulipokewa na harufu ya nyasi kavu zilizolowa, jasho la farasi, na kahawa iliyoungulia kwenye mashine. Mwenye banda, ambaye bibi yangu alimwita Mama Farasi, aliniruhusu kupanda, nami nikazoa mavi kwa toroli. Kuzoa mavi kulikuwa vita, alinifundisha. Mayai ya minyoo hutoka na mavi, yakaanguliwa, vijidudu vikapanda kwenye majani mabichi, farasi akavila tena. Kwa hiyo kila machipuko, kabla ya farasi kufunguliwa malishoni, mavi ya kila mmoja yalitiwa kwenye mfuko wake wenye jina, yakatumwa maabara kwa posta. Huko walihesabu mayai. Aliyeonekana nayo mengi alipewa dawa, aliye safi akaachwa, minyoo isije ikaizoea dawa.

Nilipomsimulia bibi, aliacha kuchambua maharage.

"Mavi? Kwa posta?" aliuliza. "Na mtu anakaa kuyafungua?"

Kwao Bujumbura shule zilipofungwa, watoto wote walimeza dawa ya minyoo siku moja, na mgeni akikutwa alimeza pia. Hapa Hjulsta aliendelea vilevile. Dawa zilikuja ndani ya sanduku la yeyote aliyetoka nyumbani, tukapanga foleni jikoni na vikombe vya uji, yeye akitukumbusha kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Tulimcheka sana.

Jumamosi moja Mama Farasi alinikabidhi mifuko miwili: mmoja wa farasi jike mzee, mmoja wa Vilja, mtoto jike wa mwaka mmoja ambaye nilimpenda kuliko ndugu zangu, na nisamehewe. Mzee alitoa mzigo wake mara moja. Vilja aligoma. Nilisimama nyuma yake vidole vikiganda, na mazoezi ya kwaya yalikuwa yanakaribia, na siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa nianzishe wimbo. Basi nikagawa mavi ya yule mzee kwenye mifuko yote miwili, nikaandika majina kwa mwandiko mzuri, nikakimbia. Majibu yalirudi: wote wawili safi.

Siku ya kuwafungulia farasi malishoni familia zilialikwa. Bibi alikuja na kitenge chake, juu kavaa koti la baridi la kaka yangu. Farasi waliruka na kurusha mateke kwa furaha, watu wakacheka, bibi akala andazi la mdalasini, akasema limekosa iliki. Kisha akamwona Vilja. Wenzake walikwisha kupukutisha manyoya ya baridi, waling'aa. Yeye alikuwa bado na manyoya makavu, mbavu nje, tumbo kama ngoma. Bibi alilipapasa lile tumbo, akaacha kutabasamu.

"Umwambie huyu mama, mtoto huyu ana minyoo. Wamupe dawa leo leo."

Nyumbani kwetu mimi ndiye nilikuwa mdomo. Hospitalini, shuleni, ofisini, maneno ya bibi yalipitia kwangu, na sikuwahi kupunguza hata moja. Siku ile niliiona kichwani ile mifuko yangu miwili. Nikisema, watapima tena, watajua. Nikamgeukia Mama Farasi, nikasikia sauti yangu ikisema kwa Kiswidi: "Bibi anasema ni mzuri sana."

Mama Farasi alilengwalengwa na machozi. Aliushika mkono wa bibi kwa mikono yake yote miwili. "Tack," alisema, "tack."

"Kasema nini?" bibi akauliza.

"Kasema asante. Atampa."

Nilijiambia nitasema kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine.

Wiki ya tatu nilimkuta Vilja amelala uani, amelowa jasho, anajipiga tumbo kwa kwato. Daktari wa mifugo alikuja, akapima, akatikisa kichwa, akamchoma sindano ya mwisho. Nyuma ya Vilja, ndani ya mavi, kulikuwa na minyoo myeupe, mirefu kama penseli, imefungamana, na mingine bado inatembea. Sikuwahi kuwaza kwamba mnyoo ni kitu kikubwa vile. Mama Farasi alikuwa akirudia tu, "Lakini majibu yalisema safi."

Bibi nilimwambia Vilja amekufa. "Si nilisema?" akasema. "Walinisikia, wakanidharau." Tangu hapo hakujisumbua tena. Hospitalini nikimuuliza nimwambie nini daktari, alijibu, "Sema unachotaka wewe. Maneno ya bibi mweusi hayafiki." Alizikwa na imani hiyo, na mimi nilikuwa mbele kabisa, nikianzisha wimbo.

Hayo yote nilimwambia Mama Farasi palepale kituoni, huku treni inakuja na kuondoka. Nilisubiri anitukane.

"Ningemsikiliza," alisema. "Siku ile ile ningempigia daktari simu." Kisha akauliza bibi kazikwa wapi. Nikamtajia.

"Twende," akasema, akanishika mkono. "Nataka ajue. Wewe utanitafsiria."