Sifuri ya Swali la Mwanga

Nimefundisha fizikia hapa Kilosa miaka mingi, na sipendi kubishiwa. Kila mwaka nawasha tochi mbili darasani, napishanisha miale yake, kisha nasema: mnaona? Mwanga haugeuzi mwanga. Imeisha hiyo.

Binti mmoja wa wakulima wa vitunguu kutoka Lumuma aliwahi kuandika kwenye mtihani kwamba ndani ya kitu kama kioo, mwanga mmoja unaweza kugeuza njia ya mwingine. Nilimpa sifuri, tena nikamsimamisha mbele ya wenzake. Alisema, "Samahani, Mwalimu," akakaa.

Mwaka huu alikuja likizo. Siku hizi yuko chuo kikuu ng'ambo, anatengeneza chipu ndogo kuliko ukucha, ambazo ndani yake mwanga unaongozwa na mwanga. Alishuka Mikumi, akaunganisha basi la Kilosa, akaja kuongea na kidato cha tatu. Alinipa shikamoo ileile ya kuinama. Nikaketi nyuma, najidai kwamba nimemfundisha mimi.

Mwanafunzi akauliza, "Dada, mwanga unaweza kugeuza mwanga? Mwalimu anasema hauwezi."

Akanitazama. Huku kwetu mtu hamkosoi mwalimu wake mbele ya watoto. Akasema, "Mwalimu yuko sahihi. Hewani miale inapishana tu." Kazi yake yote, jambo alilolifuata safari nzima, aliimeza ili kunistahi. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Nikasimama. "Aliwahi kuniandikia kwamba unaweza, nikampa sifuri. Aliyekosea ni mimi. Binti yangu, chora."

Akachora njia nyembamba ya mwanga, na kijiduara cha kioo pembeni yake. Mwanga mkali ukizunguka mle, alisema, unabadilisha kidogo kile kioo chenyewe, na mwanga hafifu unaokuja unakuta njia si ileile, unageuka. Kama shambani kwao: maji mengi yakishalainisha tuta, yale machache yanayofuata yanapita kwingine. Hakuna mkono wa mtu hapo. Jamani, mtoto yule anajua kufundisha. Mimi tochi zangu zile hazijawahi kunyamazisha darasa namna ile.

Nikaomba peni na karatasi kwa mwanafunzi niliyekaa naye, nikanakili mchoro wote. Kisha nikanyoosha mkono.

"Mwalimu," nikamwambia, "nina swali."