Mhesabu Viluwiluwi wa Temeke

Saa moja na nusu asubuhi, Leonardi Nikodemu amepiga magoti uani kwa Bi Somoe, uso umezama nusu ndani ya mtungi wa maji. Mkono mmoja umeshika tochi, mwingine kijiko cheupe cha bati. Anachota, anatazama, anachota tena.

"Hamna hata mmoja," anasema.

"Wiki tatu nyuma walikuwa kumi na wanne!" anadakia Bi Somoe kwa majigambo, utadhani anataja alama za mjukuu wake shuleni.

Mwaka huu wa 1954, Leonardi analipwa shilingi sabini kwa mwezi kuhesabu viluwiluwi wa mbu katika mitungi ya nyumba arobaini za Temeke. Wenyeji humwita Bwana Afya, lakini kazi yake si ya kufukuza mbu. Ni ya utafiti. Daktari Mzungu anayeisimamia anataka kujua jambo moja tu: watu wameambiwa mara mia wafunike mitungi, mbu wasije wakataga humo na kuwaletea homa ya kidingapopo. Mbona hawafuniki?

Jibu daktari alikwisha kuwa nalo mfukoni: uzembe. Basi akatoa amri. Jumatatu ya kwanza ya Novemba, yaani keshokutwa, kila mwenye nyumba ambayo mtungi wake una viluwiluwi jina lake lipelekwe barazani, akashtakiwe. Na mwandika orodha ni nani? Leonardi huyu huyu, anayeishi nyumba ya saba kutoka kwa Bi Somoe.

"Nikishawapeleka barazani nirudi kukaa na nani?" anauliza. "Hawa ndio walionizikia mama yangu."

Ana miaka thelathini na sita. Alikuja mjini kutoka Masasi wakati wa vita, akabeba magunia bandarini, kisha akafagia wodi hospitalini. Huko ndiko walikoona mwandiko wake mzuri wa tarakimu, wakampa daftari na sare mbili za kaki.

Kwa miaka miwili daftari lake lilikuwa safi kuliko yote ofisini. Sifuri, sifuri, sifuri, nyumba arobaini nzima. Alisifiwa mbele ya wenzake. Ajabu ni kwamba homa haikupungua, na watoto wa Temeke waliendelea kulia viungo vinawauma.

"Nilivimba kichwa, wallahi sikujiuliza," anakiri.

Mwezi Septemba kidingapopo ikampiga yeye mwenyewe. Mwenzake Adelard akavaa kaki akaenda kukagua badala yake. Leonardi alikuwa kitandani, mifupa inagongana, aliposikia kinu kinatwangwa kwa Bi Somoe. Mara kikaitika cha nyumba ya pili, kisha cha tatu. Akamwona mkewe Filomena anakurupuka, anamwaga maji yote ya mtungi uani, halafu anaanza kutwanga kinu kitupu.

"Mama Jovina, unatwanga nini?"

"Lala, Baba Jovina," mkewe akamjibu bila hata kugeuka. "Kaki inapita."

Loo! Kumbe ndiyo kawaida ya wanawake wa mtaa mzima. Wa kwanza kuiona kaki hutwanga, wengine humwaga maji kwa kuogopa serikali. Mtungi mkavu hauna cha kuhesabiwa. Mkaguzi akishapita, ndoo zinarudi kisimani na mambo yanaendelea vile vile. Siku ambazo Leonardi mwenyewe alikuwa mkaguzi, mkewe alitwanga kama wenzake, maana angefanyaje? Angewasaliti majirani?

"Miaka miwili nilikuwa nahesabu woga," anasema Leonardi.

Angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. Homa ilipomwachia alikwenda kwa daktari akamwambia tarakimu zake zote ni bure, zitupwe. Daktari akapiga meza, akatishia kumfukuza. Leonardi akasimama pale pale, akaomba wiki sita za kuanza upya. Akapewa, na ile amri ya barazani juu yake.

Alianza kwa kuvua kaki. Akavaa shati na msuli, akabisha hodi kwa Bi Somoe.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba. Leo huna kaki, wamekufukuza?"

"Bado. Leo sikuja kukagua, nimekuja kuuliza."

Bi Somoe alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akamsogezea kigoda. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kaa basi, mwanangu, uone tunavyoishi."

Akakaa. Siku tatu, uani kwa watu, hana kazi ila kutazama. Aliona kwamba vifuniko kila nyumba vipo, vimesimamishwa ukutani. Aliona watoto wanachota maji kwa kata, kile kifuu cha nazi chenye mpini mrefu, wanakunywa, kisha wanairudisha kata mtungini. Wangeiweka wapi? Ikiwekwa chini, kuku wanaipanda. Na kata ikiwa ndani, mpini umechomoza nje na kifuniko hakikai.

"Si uzembe," anasema Leonardi, na hapa anapandisha sauti. "Ni mpini! Miaka yote tunawahubiria watu habari za mbu, kumbe kata haina pa kulala."

Akaanza kukata vijiti vyenye panda. Kila jioni baada ya kazi alifunga kimoja kwenye nguzo juu ya mtungi wa jirani, usawa wa mkono wa mtoto, kata itundikwe hapo.

Hesabu yake ya kwanza ya kweli ilitoa nyumba ishirini na tisa zenye viluwiluwi. Daktari akawa mwekundu. "Mambo yameharibika!"

"La, Bwana. Mambo ndiyo haya siku zote. Sasa wananionyesha."

Wiki iliyofuata zikawa ishirini na moja, halafu kumi na mbili. Leo, hesabu ya mwisho, zimebaki nne.

Mbili ni za watu waliokuwa safarini. Ya tatu ni ya mzee Ansbert, anayeshikilia kwamba panda ni ya kutundikia nyama. Na ya nne?

Leonardi, aliyekwisha kurudi uani kwake, anatazama pembeni. Jikoni, Filomena anaangua kicheko.

"Ya nne ni hapa kwake! Kafunga panda mtaa mzima, mkewe naambiwa kesho, kesho. Kinyozi hajinyoi!"

Adelard alikwisha kumshauri asubuhi: andika sifuri, nani atajua? Leonardi alikataa katakata. Akidanganya nyumba moja, anasema, hesabu ya zote arobaini imekufa.

Anachotaka ni kwamba daktari aifute ile amri, ampe nyumba arobaini nyingine kule Kinondoni, na ruhusa ya kwenda bila kaki. Orodha ameshaiandika. Jina la kwanza ni Leonardi Nikodemu.

"Jumatatu naipeleka mwenyewe," anasema. "Akitaka kushtaki, aanze na mie. Na akiniuliza mbele ya baraza kwa nini sikufunika mtungi wangu, nitamjibu: nilikuwa nje, natundika kata za wenzangu."