Skonzi za Jumapili Baba Aliporudi

Wanaosema shida ya miaka ile ililetwa na vita na ukame, waseme tu. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini macho ninayo. Kijijini kwetu unga wa ngano ulipotezwa na watu wawili, muuza duka la kijiji na balozi wetu wa nyumba kumi. Lori lilishusha magunia mchana kweupe, sisi tukiona. Kesho yake asubuhi mama anaambiwa, "Hamna, mama. Rudi wiki ijayo." Na jikoni kwa balozi wanachoma maandazi.

Baba alikuwa amelazwa hospitali Sumbawanga mjini tangu tunavuna mahindi. Kifua. Aliporudi ilikuwa Jumamosi ya baridi, ule upepo wa Ufipa unaopenya hadi kwenye mifupa. Trekta la kijiji lilimshusha amejifunga blanketi, shingo imekonda kama ya kuku aliyenyonyolewa. Ugali ulimshinda. Alitafuna tonge moja, akalitoa. Mama akamuuliza anatamani nini.

"Zile skonzi zako," akasema, kwa aibu kama mtoto.

Kabla hajaolewa mama aliwahi kuwapikia masista wa misheni, na skonzi alijifunza huko. Safari hii dukani hakwenda hata kuuliza. Alikuwa na ngano yake, nusu debe hivi, aliyoipanda pembeni mwa shamba la ulezi akaihifadhi kwa mbegu. Mashine ya kusaga haikuwa na dizeli, basi mchana ule tuliisaga kwa jiwe, yeye na mimi kwa zamu, mpaka viganja vyangu vikatoka malengelenge. Hamira nayo hakuna. Shangazi, dada yake baba, tuliyekuwa tukiishi naye, alikuwa na mtungi wa pombe ya ulezi unachacha pale jikoni. Mama akachota povu la juu, akakandia unga pamoja na samli na asali kidogo.

"Wifi, utamlevya mgonjwa," shangazi akasema.

"Alewe tu, ilimradi ale."

Asubuhi donge lilikuwa limeumuka hadi linasukuma kifuniko. Mama akakata vidonge vya duara, akavipanga kwenye sufuria kubwa, makaa chini, makaa juu ya bati. Baba tukamketisha karibu na moto. Tulitaka tu kunywa chai sote pamoja, polepole, kama zamani. Skonzi zilipotoka zilikuwa na rangi ya udongo wa kichuguu, na harufu ikatoka nje ikaenda ilikokwenda. Nikachungulia mlangoni.

"Balozi anakuja!"

Ulikuwa wakati wa msako wa walanguzi. Shangazi alikuwa ameona watu wakimwaga sukari mtoni kwa woga. Hakuuliza. Alinyakua ungo wenye unga uliobaki, akaumimina wote ndani ya mtungi wa pombe, akafunika.

"Wifi, umefanya nini?" mama akanong'ona. "Ule unga ulikuwa na makapi, kila mtu angeona umesagwa nyumbani!"

Hodi ikapigwa na mtu ambaye tayari alikuwa ndani. Tukamwamkia. Baba akasema, "Karibu, ndugu balozi." Yule mtu hakumpa baba hata pole.

"Naona leo mnakula kizungu. Unga mmepata wapi?"

"Ngano ya shambani kwetu," mama akajibu.

"Nionyeshe uliobaki."

Mama akamtazama shangazi. Shangazi akatazama moto.

"Umeisha," mama akasema kwa sauti ndogo.

"Umeisha! Kila mlanguzi unga wake umeisha. Mzee, vaa viatu, twende ofisini. Utalala huko mpaka katibu arudi kesho."

Ofisi ya kijiji ilikuwa na chumba cha sakafu ya saruji, kisicho na dirisha la kufunga. Usiku mmoja mle, na kifua kile, tusingerudi na mtu. Sote tulijua, na balozi alijua. Baba akaanza kutafuta kiatu kwa mguu.

"Na hii naichukua kielelezo," balozi akasema, akaokota skonzi moja. Ilikuwa ya moto bado, samli inang'aa. Akaitazama. Tamaa ikamshinda, akaing'ata.

Tulisikia wote. Kach!

"Aaah!" Akashika shavu, akatema kwenye kiganja. Punje ya jiwe jeusi. "Mmetia kokoto?"

"Hilo ni jiwe letu la kusagia, balozi," mama akasema, na sauti yake ilikuwa imerudi. "Unga wa dukani una mawe? Tuambie wewe, unayeujua."

Shangazi akadakia, "Kweli, balozi, maandazi ya kwako yamewahi kukuvunja jino?"

Majirani wawili waliokuwa wakipita wakasimama mlangoni. Mmoja akacheka. Balozi akatazama kiganja chake, akatutazama, akatia skonzi mbili kwenye mfuko wa koti, akatoka bila kuaga. Amekufa akiwa mzee, kazikwa kwa hotuba ndefu za kumsifu. Mimi nasema nilichokiona.

Mama akakaa juu ya kuni. Baba alikuwa na kiatu kimoja mguuni.

"Sasa nivae au nivue?"

"Vua, ule."

Akala akitafuna kwa tahadhari, akipekua kwa ulimi. Akatema punje moja, akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikapita. Akanyoosha mkono.

"Nipe nyingine. Ile ya pembeni, iliyoungua."

Ilikuwa ya tatu. Mama akampa, akageukia ukutani, na mabega yake yakawa yanatikisika. Nilidhani analia, nikamsogelea. Alikuwa anacheka, amejiziba mdomo kwa kanga.